Mkebe wa Rafu ya Juu

Kazi yangu ilikuwa kuwaondolea watu moshi majumbani mwao, halafu jioni narudi kwangu kuujaza. Nilisafisha dohani za Faaborg, mji mdogo wa Denmark, na vijiji vyake tangu ujana hadi nyonga iliponistaafisha, na miaka yote hiyo mke wangu Solvej hakuchoka kuniuliza: mtu gani huyu, anajisugua masizi bafuni mpaka maji ya moto yanaisha, kisha anatoka, anakaa kitini na kuwasha kiko? Jibu sikuwa nalo. Maelezo nilikuwa nayo, tena marefu.

Naitwa Torkild Brandstrup. Ukiwauliza watu wa mtaa wetu watakwambia ni yule mzee mwenye mashavu manene anayeijua tumbaku. Hilo la mashavu walijionea wenyewe. La tumbaku nililieneza mimi.

Chini ya nyumba yetu kuna chumba cha baridi kilichojengwa kwa ajili ya viazi. Nilivihamisha viazi, nikapiga rafu ukutani, na juu ya rafu nikapanga mikebe. Watu wengine wananunua tumbaku wanaivuta. Mimi nilinunua nikaitazama. Jani zuri ukilifungia kwenye mkebe usiopitisha hewa haliozi, linakomaa. Ukali unashuka, sukari inajitokeza juu yake kama chembe za chumvi, rangi inakuwa kama kahawa iliyokaangwa sana, na ukifungua baada ya miaka mingi unakutana na harufu ambayo hata aliyelikata hakuitia. Haya nayaamini mpaka leo. Shida yangu ni kwamba sikuishia kuyaamini, niliyahubiri.

Mimbari yangu ilikuwa chama chetu cha kiko. Tulikutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika chumba cha nyuma cha bucha ya zamani ya Vagn Lykkegaard, kwa kuwa hotelini sheria ilikuwa imeshatutoa nje. Vagn alikuwa ameacha kuuza nyama, lakini kuta hazikuwa na habari hiyo; zilinuka soseji. Mwenyekiti wetu alikuwa Ejvind, mwalimu mstaafu. Alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na kengele.

Mtu akileta mkebe mpya, mimi ndiye niliyengojwa. Nilichukua tumbaku kidogo, nikainusa nikiwa nimefumba macho, nikaijaza kwenye kiko bila haraka. Moto wa kwanza ni wa kuiamsha tu. Unaiacha izime, unaishindilia kidogo, unawasha tena. Kuanzia hapo unavuta kwa utulivu, na moshi kidogo unaupitisha puani, maana ulimi peke yake haujui mengi. Nilifanya hayo yote, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko nilikokuwa bingwa.

"Haya, Torkild, mwaga," Vagn alikuwa akiniambia.

"Naona plamu."

"Zipi?"

"Zilizokaushwa. Zimesahaulika mfukoni mwa koti."

"Koti la nani tena?"

"La baharia."

"Mimi naonja tumbaku," Vagn alisema.

"Ndiyo maana Mungu alikupa nyama uuze."

Wenzangu walicheka, na mimi nilirudi nyumbani kwa baiskeli huku kifua kimejaa kama bendi nzima imeingia humo.

Kati ya mikebe yote, ulikuwako mmoja uliokaa rafu ya juu peke yake. Nilikwenda Copenhagen na Solvej mara tu baada ya harusi yetu, na katika duka moja la chini ya ngazi nikanunua mikebe miwili ya jani la Virginia lililobanwa na kukatwa vipande vyembamba. Mmoja niliufungua kwenye meli wakati wa kurudi. Bahari ilichafuka, Solvej akatapika njia nzima, nami nikasimama kando yake nikimshika kwa mkono mmoja na kiko kwa wa pili, nikimwambia kwamba tumbaku hii ni nzuri ajabu. Bado anashangaa kwa nini hakurudi kwao siku ile ile.

Mkebe wa pili niliuweka kwa siku itakayostahili. Siku zikaja. Binti yetu Tove alipozaliwa niliteremka chini, nikaushika, nikafikiri: huenda akaja na wa pili, nitafungua kwa wote wawili. Wa pili hakuja. Tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa nikaona hiyo ni nusu ya safari, na nani anasherehekea nusu? Ile jioni Denmark iliposhinda kombe la Ulaya, watu wazima walicheza barabarani na ndoo kichwani. Mimi nilikuwa chini kwenye chumba cha viazi, mkono juu ya kifuniko, nikijiuliza kama mpira wa miguu ni jambo zito vya kutosha. Nikaamua siyo. Nilipopanda juu, kila mtu alikuwa ameshalala.

"Siku yako inayostahili," Solvej aliniambia, "nadhani ni ile ya kuzikwa. Na siku hiyo hutakuwa na pumzi."

Kwa kuogopa hewa isije ikapenya, niliziba ukingo wa kifuniko kwa nta ya mshumaa, safi, nyeupe. Nikawa nautembelea mara moja moja kama mtu anavyomtembelea shangazi tajiri.

Halafu nikaanguka. Ilikuwa paa la mchungaji, asubuhi kavu isiyo na upepo, hivyo sina wa kumlaumu ila miguu yangu. Nilikuwa nikimweleza mchungaji, aliyesimama chini, jinsi moshi wa kuni za mwaloni unavyotofautiana na wa msonobari, nikageuka nimwoneshe kwa mkono, nikateleza. Nilitua katikati ya kabichi zake. Nyonga ilivunjika, mbavu nazo, na baada ya siku chache hospitalini Odense mapafu yakaingiwa na nimonia. Wiki kadhaa nilikuwa mtu wa mirija. Sikumbuki kitu ila dari. Solvej alikuja kila siku na basi, akakaa, akarudi na basi.

Nilipona, kama unavyoona. Daktari aliniambia niache kiko kabisa. Tukapatana kiko kimoja kwa siku, baada ya chakula cha jioni. Yaani mimi nilipatana, yeye alitikisa kichwa. Kupanda paa sikupanda tena. Muda wote niliobaki nao nikauhamishia kwenye kunusa na kusema.

Miaka tisa ikapita, na mimi na Solvej tukafika miaka hamsini ya ndoa. Hapo hata mimi niliishiwa visingizio. Nikatangaza chamani kwamba mkebe wa rafu ya juu utafunguliwa. Ejvind aligonga kengele. Vagn alivua kofia.

Kwetu, harusi ya dhahabu inaanzia mlangoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo majirani wanajenga tao la matawi ya misonobari na maua ya karatasi ya dhahabu, nawe unajifanya husikii nyundo. Asubuhi mapema wanakuja na bendi ya tarumbeta, wanaimba chini ya dirisha, nanyi mnatoka na nguo za kulalia mkiwa mmeshangaa. Solvej alishangaa akiwa na rangi ya mdomo na nywele zilizotengenezwa. Mimi nilishangaa nikiwa na kiko kisafi mfukoni. Wakala mikate na jibini, wakanywa kahawa na vile vigilasi vya pombe chungu ya mitishamba, wakalia kidogo, wakaenda zao. Ilipofika saa nane mchana wakabaki wanachama wa kiko nyuma ya nyumba, wameketi kama watu wanaongoja ubatizo.

Niliuleta mkebe juu ya sinia. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, na sikupunguza hata neno. Nikawaonesha ile nta.

"Mtaona," nikasema, "niliziba kwa nta nyeupe. Leo ina wekundu. Tumbaku inapumua, jamani. Miaka yote hii mafuta ya jani yamepanda taratibu yakaitia nta rangi."

"Duh," alisema Ejvind, aliyefundisha sayansi maisha yake yote.

Nikaikata nta kwa kisu, nikafungua. Harufu ikatoka. Nikagawa, tukajaza, tukawasha, tukaacha izime, tukawasha tena. Nzi mmoja alitembea juu ya meza nzima bila kufukuzwa. Nikapitisha moshi puani, nikafumba macho, na naapa machozi yalinitoka.

"Torkild," Vagn alinong'ona, "sema basi."

"Plamu," nikasema. "Lakini siyo plamu za kawaida. Plamu za bustani ya nyumba ya kifalme. Kisha ngozi ya tandiko. Tandiko la zamani, farasi ameshakufa. Na mwisho kabisa, nyuma kule, ubani wa kanisa ambalo limefungwa."

"Nauona ubani," Ejvind alisema.

"Mimi farasi," alisema Vagn, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alionja kitu zaidi ya tumbaku. "Namwona kabisa." Akanyoosha kiko chake ajaziwe tena.

Wakati huo Solvej alikuwa akipita na birika la kahawa. Alisimama, akatutazama, akaliweka birika mezani kwa nguvu na kukimbilia ndani, kitambaa mdomoni. Nikawaambia wenzangu kwamba mke wangu ana moyo mwepesi na siku yenyewe ni kubwa.

Waliondoka jioni jua likiwa bado juu, maana ilikuwa Juni, na kwetu Juni jua huchelewa kutua. Nikamfuata Solvej jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, nami nikachukua kitambaa cha kukaushia nikaendelea na hotuba pale nilipoishia. Nilikuwa nimerudi kwenye ubani aliposema:

"Torkild, kaa."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa, mume wangu. Na usikatize."

Nikakaa.

"Ile uliyoivuta leo niliinunua mimi. Duka la ushirika, kwenye rafu ya karibu na viberiti."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo nikaacha.

"Ipi?"

"Ya pakiti ya kijani."

Ya pakiti ya kijani ndiyo ile niliyowahi kumwambia Vagn, mbele ya watu, kwamba inafaa kutandikia sungura.

"Na yangu?"

"Niliivuta."

"Wewe? Wewe unayefungua madirisha kutoa moshi wangu hata kwenye theluji ya mwezi wa pili?"

"Mimi. Ulipokuwa Odense." Akajifuta mikono, akakaa mbele yangu. "Siku moja daktari alinivuta pembeni akaniambia nimwite Tove aje. Nikarudi nyumbani na basi. Nikafungua mlango, nikanusa. Hakuna kitu. Miaka yote nafua mapazia kwa ajili yako, na siku hiyo mapazia yananuka sabuni. Sabuni tupu. Nikakaa kwenye ngazi na koti mwilini, nikashindwa kulivua."

"Ungewasha yoyote ile. Mikebe iko mingi."

"Nilishuka nichukue yoyote. Nikauona ule wa juu. Nikajiambia, huyu akifa, mkebe huu unamngoja nani? Nikaubeba. Kila jioni kiko kimoja, hapa hapa jikoni, mpaka siku ulipofumbua macho ukadai kahawa. Kisha nikaujaza ya kijani kabla hujarudi."

"Na nta?"

"Mshumaa mwekundu wa Krismasi. Mweupe uliisha."

Mwanamume mwingine angeinuka akamkumbatia mkewe. Ningependa kusema nilifanya hivyo. Neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa:

"Ulitumia kiko gani?"

"Kile cheusi."

"Solvej! Kile cheusi ni cha tumbaku nyepesi!"

Alinirushia kitambaa kibichi usoni. Kikakaa hapo, nami sikukiondoa mara moja, kwa sababu chini yake nilikuwa naona haya. Nilimwona akiwa kwenye ngazi na koti lake. Nilijiona mimi nimelala Odense nikitazama dari, nikidhani mgonjwa ni mimi peke yangu. Halafu nikamwona Vagn na farasi wake, na kicheko kikanianza tumboni. Solvej akasikia kitambaa kinacheka, naye akashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka mbavu zangu za zamani zikauma.

Tulipotulia nikamuuliza, taratibu kabisa:

"Ilikuwaje?"

"Nini?"

"Ladha yake. Wewe ndiye pekee unayeijua."

Akafikiri. Hakufumba macho wala nini, alitazama tu sinki.

"Mara ya kwanza nilikohoa mpaka paka akakimbia nje. Siku ya pili nikakumbuka unavyofanya wewe, kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa supu ya moto. Ikalainika. Ilikuwa tamu, ila siyo utamu wa sukari. Kama ganda la mkate mweusi, lile la chini, lililogusa bati. Na kiko kinapokaribia kwisha, kulikuwa na kitu kama majani makavu ya ng'ombe, ghalani kwa baba, siku ya kwanza yakiingizwa. Basi."

"Plamu?"

"Hakuna plamu."

"Hata ngozi kidogo?"

"Torkild."

"Nauliza tu."

Nilijaribu kuionja kwa maneno yake, nikiwa nimekaa pale jikoni na kiko kitupu. Nikaipata kwa mbali. Ganda la mkate, lile la chini. Ilikuwa tumbaku nzuri sana.

Alhamisi ya kwanza iliyofuata nilisimama chamani nikawaeleza yote, pakiti ya kijani na mshumaa wa Krismasi. Nilidhani watanicheka, na nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Walinitazama kama mtu aliyekuja kuwaibia.

"Haiwezekani," alisema Vagn. "Mimi nilimwona farasi."

"Vagn, farasi hakuwapo. Mimi ndiye niliyemtaja."

"Ulitaja tandiko lake. Manyoya nimeyaona mwenyewe."

"Solvej anakutania," alisema Ejvind. "Wanawake wana utani wao."

"Alinunua dukani! Amenionesha hadi rafu!"

"Hata kama," alisema mzee mmoja wa kona ya dirishani, "ilikaa mkebeni miaka tisa. Tisa nayo ni umri."

Hoja hiyo ilinigusa, nakiri. Nilikuwa nimeshajipa hiyo hiyo mwenyewe nikiwa kitandani. Lakini Vagn hakutaka kusikia habari ya tisa. Alitaka hamsini yake. Mwisho Ejvind aligonga kengele, akasema sisi ni chama, na chama kinaamua kwa kura. Tukapiga kura kama tumbaku ile ilikuwa ya tangu harusi yangu. Mikono yote ikainuka isipokuwa wangu. Vagn akaongeza kwamba wangu usihesabiwe, kwa kuwa nahusika.

Ndivyo nilivyoshindwa kuthibitisha kwamba mimi ni mjinga, na nimeshindwa mpaka leo. Bado kuna watu Faaborg wanaosimulia ule ubani.

Hata hivyo walimwita Solvej aje aulizwe. Alikuja na koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha Vagn, akajibu kila swali. Vagn, akitaka kumnasa, akampa kiko alichokuwa amekiwasha kwa tumbaku yake mpya ya bei kubwa.

Solvej alivuta mara mbili. "Hii imelowa," akasema. "Iache wazi wiki moja kisha ujaribu."

Vagn alifanya hivyo, na ikawa kweli. Kuanzia hapo wakawa wanamngoja yeye. Mimi wananiacha niseme kwanza, kwa heshima ya mikebe, halafu wanageuka kumtazama mke wangu.

Mikebe iliyobaki tumeanza kuifungua, mmoja kila Jumamosi, mvua au jua, baada ya chakula. Mingine imekauka ikawa unga. Mmoja ulikuwa na kutu tupu. Mingine ni mizuri kiasi kwamba hatuongei mpaka kiko kiishe. Solvej ana kiko chake sasa, kifupi, chekundu kidogo, na daktari wetu hajaambiwa. Tatizo ni kwamba naye ameanza. Ganda la mkate halimtoshi tena. Siku hizi anainamisha kichwa, ananyamaza, halafu anatoa neno.

Jumamosi iliyopita alisema anaonja karafuu. Nikavuta, nikapitisha moshi puani, nikavuta tena. Karafuu sikuiona popote. Nikamwambia ndiyo, ipo.